Dada Mwandishi, Mbona Hulali?

Kahama, jirani humtambua mtu kwa kitu anachotoka nacho asubuhi. Mwenye sururu anakwenda duarani, kwenye shimo la wachimbaji wadogo, mwenye kofia ngumu ni wa mgodi mkubwa, mwenye pikipiki ni bodaboda. Dada mmoja wa mjini hapo hutoka na begi lenye kompyuta mpakato, au hatoki kabisa, na matatizo yake yanaanzia hapo. Ni mwandishi wa kujitegemea. Anaandikia magazeti, anaandikia mashirika, anaandikia yeyote mwenye neno na nauli. Shangazi yake akija haachi kuuliza.

“Siku hizi unafanya kazi gani, mwanangu?”

“Ninaandika, shangazi.”

“Hilo nimelisikia. Nauliza kazi.”

Kwa kuwa mtaa mzima umekubaliana kwamba hana kazi, kazi zote za mtaa ni zake. Mtungi wa gesi wa jirani ukiletwa, anaupokea yeye. Fundi bomba akisubiriwa, anasubiriwa na yeye. Anaanza kuandika wengine wanapokwenda kulala, umeme ukiwa na huruma, na alfajiri mama muuza uji humwona dirishani amekodoa macho, akamwuliza kwa upole kama ameshampelekea mtu wa maombi tatizo lake.

Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa stori iliyotoka, si kwa stori iliyotumwa, na kati ya maneno hayo mawili mtu anaweza kulala njaa. Siku moja dada huyu alipanda mchomoko wa Kakola, akabanwa kiti cha mbele na abiria wenzake pamoja na kuku wa mtu, akaunganisha hadi Nyarugusu, mkoani Geita, kuandika habari za wachimbaji wadogo. Vijana wa duarani mara nyingi hawana mshahara. Mwenye duara anawalisha, wao wanachimba, na mawe yakipatikana wanagawana mifuko. Mmoja wao, uso mzima vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe, akaamua kumhoji mhoji.

“Dada mwandishi, na wewe unalipwaje?”

“Stori ikitoka.”

“Isipotoka?”

“Silipwi.”

“Wanakulisha?”

“Hapana.”

“Na nauli?”

“Yangu.”

Kijana akamgeukia mwenzake. “Mpe dada maji.”

Mahojiano yaliendelea vizuri sana. Mzee mmoja alieleza kwa kina jinsi soko la dhahabu la Geita, lililozinduliwa Machi 2019, lilivyobadilisha biashara yake na wanunuzi waliokuwa wakimfuata shimoni na mizani zao. Usiku, dada akaweka spika za masikioni asikilize alichorekodi ili aandike. Kilichosikika ni karasha. Karasha mwanzo, karasha kati, na mwishoni sauti ya mzee ikisema, “Hiyo ndiyo siri yenyewe.”

Kilichofuata ni matokeo ya akili iliyochoka. Kazi tatu zilikuwa mezani kwa wakati mmoja: makala, andiko la mradi la kikundi cha wachimbaji, na hotuba ya baba wa bibi harusi kwa ajili ya sendofu. Zote zilitumwa usiku uleule, kwa simu moja, kwa kidole kimoja kilichokuwa kinasinzia. Mwenyekiti wa kikundi akasimama mbele ya wanachama akasoma, “Binti yangu, leo unatoka mikononi mwangu, nenda ukatunze nyumba.” Wanachama wakadhani anajiuzulu, na wawili wakaanza kampeni papo hapo. Ukumbini, baba wa watu alivaa miwani, akafungua simu na kuwatangazia wageni kwamba mradi huu utadumu miaka mitatu, na wafadhili wakijitoa utajiendesha wenyewe. Inasemekana upande wa bwana harusi ulipiga makofi zaidi.

Mambo haya yanachekesha yakisimuliwa. Wataalamu huyapa sura nyingine. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika juu ya hali ya kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa, yaani burnout, mwaka 1974 huko New York, aliijua kwa mwili wake: mchana alihudumia wagonjwa wake mwenyewe, usiku akajitolea katika kliniki ya bure, mpaka akaishiwa. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Lilisema si ugonjwa, ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa, na dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kushuka. Dada alizisoma zote tatu akiwa anasubiri mhariri ajibu ujumbe. Ya kwanza alikuwa nayo, ya tatu ilikuwa imeshathibitishwa ukumbini.

Watafiti Christina Maslach na Michael Leiter wanataja mambo sita yanayomchosha mtu kazini: mzigo, mamlaka aliyonayo juu ya kazi yake, malipo, watu anaofanya nao kazi, haki, na maadili. Anayejitegemea hujisifu kwa hilo la pili. Hana bosi! Lakini asiyejua atalipwa lini hawezi kukataa kazi yoyote, na asiyeweza kukataa ana mabosi wengi kuliko karani wa halmashauri. Ndiyo maana ushauri wa “penda unachofanya” haumsaidii dada huyu. Anaipenda kazi yake kupita kiasi. Kinachomwangusha ni kwamba haina mlango wa kufungwa.

Kusubiri pia kuna kiwango chake. Pale Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Dada alikuwa amemkasirikia mhariri tangu Jumanne.

Akaamua kupumzika kijijini kwa babu yake, Kishapu. Habari ikamtangulia. Kabla hajamaliza sahani ya kwanza ya michembe, kwaya ilitaka katiba, mzee mmoja alitaka barua ya kudai mpaka wa shamba, na kijana mmoja alitaka maneno matamu ya kumtumia binti wa Mwadui, “ila yasizidi bando langu.”

Babu akamwokoa kwa kumwita matembezini. Wakafika mahali palipojaa majani mpaka kiunoni, ng'ombe wa jirani wakipaangalia kwa uchungu. Ilikuwa ngitili, eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zikianza ili mifugo ipate malisho kiangazi. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umenyolewa miti, sehemu kubwa katika kampeni za kuangamiza mbung'o enzi za ukoloni, hadi ukaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudi kwenye ngitili za wazee, maelfu kwa maelfu ya hekta zikaota tena, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatambuliwa katika Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

“Babu, majani mazuri hivi watu hawakuombi?”

“Wanaomba kila siku.”

“Unawajibuje?”

“Nawaambia limefungwa.”

“Wakinung'unika?”

“Majani hayanung'uniki, mjukuu wangu. Hao wengine watazoea.”

Aliporudi Kahama alijitengea ngitili yake: Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, hakuna stori, hakuna andiko, hakuna mtungi wa gesi wa mtu. Kwa wateja wapya aliomba nusu ya malipo kabla ya kuanza. Wawili walitoroka, na mmoja alituma fedha kabla hata hajaeleza anataka nini. Ili asisumbuliwe, aliweka neno moja kwenye hali ya WhatsApp, kwa herufi kubwa: LIMEFUNGWA.

Alikuwa amesahau anaishi wapi. Ukanda wa dhahabu una neno hilo kwa kazi moja tu, duara likisimamishwa na serikali. Kabla ya saa nane simu ilikuwa ya moto. Mnunuzi wa Katoro aliuliza ni la nani. Mwenye karasha aliuliza kama kuna waliofukiwa. Shangazi alimpa pole, akaongeza kwamba angalau sasa ana sababu ya kutafuta kazi. Waandishi wenzake watatu waliomba jina la eneo, wa nne hakuuliza chochote. Alikuwa ameshatuma stori.