Muhogo wa Haraka

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea na mafuta duniani, sisi wa kijiji cha Nyabibuye tulikuwa tumeshauza mahindi. Tuliyauza yakiwa bado mabichi, bei iko chini, kwa sababu sare za shule hazingoji. Ilipofika Novemba, mvua zinamwagika na jembe liko shambani, debe lile lile likawa halishikiki dukani. Dagaa wa Kigoma nao tukawasahau. Maharage yaliyobaki yalikuwa ya mbegu, na mama mkwe aliyafunga ndani ya kibuyu akakalia ufunguo wa chumba.

Tukaingia kwenye muhogo mchungu. Huo hauna papara: unamenywa, unavundikwa majini siku tatu au nne hadi ulainike, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Lakini jua halikutoka, na watoto walilala na uji mwepesi. Wifi yangu akautoa majini siku ya pili, akaukausha juu ya jiko, akautwanga. Jioni ile tulikula ugali na matembele, tukashukuru.

Usiku mtoto wake wa mwisho akaanza kutapika. Kichwa kinamzunguka, miguu haimshiki. Jirani akatoa baiskeli bila kuulizwa, tukamsukuma mtoto kwenye tope hadi zahanati. Alfajiri ndipo alipofumbua macho akaomba maji. Mama mkwe, aliyetembea njia nzima kwa miguu, akamgeukia binti yake:

"Mwanangu, ulikuwa na haraka gani?"

"Ya watoto, mama."

Hakumwuliza tena. Tuliporudi alifungua chumba, akapima maharage ya mbegu, akayainjika.

Kosa la wifi silioni. Muhogo mchungu usiovundikwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi, na mwili huiondoa kwa msaada wa protini, ile ile iliyomo kwenye maharage na dagaa. Bei ikipanda, maskini hupoteza vyote viwili kwa pamoja: muda wa kuandaa chakula na kitoweo cha kumkinga. Wilayani Tarime, mwaka 1985, ukame uliwafanya watu wafupishe maandalizi ya muhogo vivyo hivyo, na baadhi yao wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Mtoto wetu alisimama tena. Wale hawakupata bahati hiyo.

Nchi yetu, Tanzania, ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na bei inapochachamaa hutoa mahindi ya kuuzwa kwa nafuu. Ombi langu kwa wenye kupanga ni moja: mahindi hayo yafike vijijini kabla ya Novemba, yauzwe kwa kilo chache chache, maana mwenye njaa hana fedha ya gunia. Nawe unayevundika muhogo leo, zihesabu siku zake zote. Ukiona jirani anautoa mapema, mpelekee kibaba cha maharage.