Namna ya Kumfikisha Mzimu Mahakamani

Kwanza, tuma mtu akapigwe picha, na asitaje jina lake halisi. Ndivyo ilivyofanyika New York mwaka 1869, pale afisa wa jiji, Joseph Tooker, alipoingia studio ya William Mumler kwa jina la kubuni. Mumler alikuwa fundi wa kunakshi vito huko Boston kabla ya kushika kamera. Wateja wake walitoka na picha ambamo marehemu wao wamesimama nyuma ya mabega yao, weupe kama moshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, na nyumba nyingi zilikuwa zimefiwa. Mama aliyemtambua mwanawe katika ukungu ule usimcheke.

Pili, jifunze mambo ya chumba cha giza, maana huko ndiko mizimu huzaliwa. Siku hizo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa na kutumiwa kingali kibichi, na kioo hichohicho kilirudi kazini mara nyingi. Kisiposafishwa sawasawa, sura ya mteja wa zamani hujitokeza kwa mbali nyuma ya mteja mpya. Au mpiga picha humulika kioo kimoja mara mbili. Waite wapiga picha wazoefu, waeleze hayo polepole.

Kisha mtafute P. T. Barnum, bingwa wa maonyesho, ambaye ujanja wa kuvuta watu aliujua kama kiganja chake. Alimwomba mpiga picha Abraham Bogardus amtolee mzimu wa kutengeneza, na picha ikaja na Abraham Lincoln, aliyeuawa miaka minne nyuma, akimchungulia Barnum. Upande wa mashtaka uliipeleka mbele ya hakimu.

Mumler aliachiwa hata hivyo. Hakimu Joseph Dowling alisema yeye binafsi anaamini kuna hila, ila haijathibitishwa, na naona alihukumu vyema. Mashahidi walieleza njia chungu nzima za kutengeneza mzimu, lakini hakuna aliyemfuma Mumler akitumia hata moja. Kwa hiyo usibaki sebuleni ukikodolea karatasi macho. Ingia naye gizani, kishike kioo kabla hakijapakwa dawa, kitie alama yako, na usikipe kisogo mpaka picha itoke.

Na kama picha yako ni ya kweli, hofu yako ikiwa ni kutoaminiwa, waige waendesha mashtaka wa Nuremberg. Tarehe 29 Novemba 1945 walionyesha filamu ya kambi za mateso za Wanazi. Kabla ya maiti kuonekana, vilitangulia viapo vya maandishi: kimoja cha George Stevens, mwongozaji wa Hollywood aliyesimamia wapiga filamu wa jeshi la Marekani, na kingine cha Ray Kellogg, aliyeikagua filamu na kuthibitisha kwamba haikuchezewa. Nawe mtafute aliyeshika kamera. Aandike alipiga wapi na lini, aape, kisha akae tayari kuhojiwa na wakili wa upande wa pili.