Marley Yuko Getini

Kila Desemba ukoo wetu unapanda Kibosho kuhesabiwa. Jioni ya mkesha wa Krismasi wanaume walikuwa wakibishania ndafu, wanawake wako kwenye machalari. Mimi, kwa kuwa nimesoma fasihi, nikaachiwa watoto. Nikatoa A Christmas Carol ya Charles Dickens, nikawa nawasimulia kwa Kiswahili papo kwa papo.

Kitabu hicho nilikisoma zamani kwa ajili ya mtihani, nikabaki na maneno mawili tu: maudhui, ubahili. Watoto hawana habari na maudhui. Walitaka kujua mzimu wa Marley umepitaje kwenye mlango uliofungwa na minyororo yote ile, makufuli, funguo na masanduku ya fedha, usikwame. Swali la haki. Dickens mwenyewe, alipokitoa Desemba 1843, alikiita hadithi ya mzimu. Mambo ya maudhui ni yetu walimu na watahini.

Basi Marley anapanda ngazi, minyororo inaburuzwa, umeme ukakatika. Hapo hapo mnyororo wa geti letu ukalia: kwararara! Watoto wakajitosa chini ya meza, wakanikuta nimeshafika.

Alikuwa baba mdogo, ambaye hutembea na funguo zote za duka lake kiunoni kwa kuwa hamwamini mtu.

"Shikamoo, babu," meza ikamwamkia.

Akaketi, tukaendelea kwa tochi ya simu. Kila nikifunua ukurasa vidole vinasita, na moyoni naomba umeme usirudi. Raha ya namna hiyo niliiacha darasa la tatu.

Tukafika kwa akina Cratchit. Pudingi yao inachemshwa kwenye chungu cha kufulia nguo; watoto wakaguna. Baba yao analipwa shilingi 15 kwa wiki na bosi wake, bahili Scrooge.

"Hainunui hata pipi!" akasema mdogo wao.

"Na bado anataka makaa ya kuota moto ofisini," akadakia baba mdogo, aliyekwisha kuchagua upande wake.

Scrooge alipoamka amebadilika, akamtuma kijana wa mtaani kuagiza bata mzinga mkubwa kuliko wote dukani, watoto walipiga makofi. Baba mdogo akameza mate, akavumilia. Lakini niliposema Scrooge amelipia na gari la kumfikisha bata huyo Camden Town kwa akina Cratchit, alisimama, funguo zikalia.

"Hapana. Bata sawa, ni sikukuu. Nauli ya nini? Huyo kijana miguu hana?"