Maksai, Tairi na Gunia Wabishania Misuli

Alfajiri ya Julai, Sumbawanga, upepo wa Ufipa unakata masikio. Kando ya uwanja wa vumbi, tairi kuukuu la Fuso limelala na kamba yake. Pembeni amesimama Maksai na mkokoteni wenye gunia la mahindi. Mwenye mali kaingia kwa mama ntilie.

TAIRI: Shikamoo, Mzee Maksai. Umeniona leo? Nimevutwa na watoto wote wa timu, goli hadi goli. Wawili wametapika. Kocha anasema hiyo ndiyo nguvu inaingia.

MAKSAI: Marahaba. Mimi nilidhani ni uji unatoka.

TAIRI: Hawakuwa wamekunywa uji.

MAKSAI: Basi hata cha kutoka hakikuwapo.

TAIRI: Usibeze, Mzee. Wakinimaliza mimi wanaruka kichura mia, halafu wanabebana mgongoni kupanda kilima. Kila siku, Jumapili hawaachwi. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, haichezwi na legelege.

MAKSAI: Kijana, mimi nimefungwa nira nimeshakomaa. Mwaka wa kwanza nilivutishwa gogo jepesi tu, na jua likichoma nafunguliwa nikale. Mwenye kunifundisha hajasomea ukocha, ila anajua akinivunja mguu hana shamba. Wenu akivunjika mtoto, anaita mwingine.

TAIRI: Kumbe unakubaliana na wale wanaosema kunyanyua vyuma kunafupisha mtoto!

MAKSAI: Sikubaliani nao. Vyuma havimfupishi mtu. Huo ni uvumi. Mtoto wa miaka 13 akisimamiwa vizuri anapata nguvu hata kabla misuli haijajaa, maana mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha ile aliyo nayo. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na katikati miguu ipumzike. Achuchumae na kuinuka, mgongo umenyooka. Aruke mara chache, atue bila kishindo, magoti yasigongane. Nguvu ya mpira ni ya ghafla: kuchomoka, kuruka kupiga kichwa, kugeuka. Mruko wa tano unamfundisha mguu kufyatuka. Mruko wa themanini unamfundisha kuchoka. Kichura mia ni adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa namba, na huyo kocha wako anajua, kwa sababu naye alirushwa hivyohivyo.

TAIRI: Mbona namba nne ananivuta kwa mkono mmoja?

MAKSAI: Yule mwenye ndevu?

TAIRI: Ana miaka 16.

MAKSAI: Juzi nimembebea mahindi akauze, alipe sare za mwanawe.

TAIRI: Cheti kinasema 16.

MAKSAI: Mwanawe naye ana cheti. Tukivisoma pamoja, alimzaa akiwa darasa la tatu.

TAIRI: Labda alianza shule amechelewa.

MAKSAI: Basi na ndevu zimewahi. Sikia: mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika kule Gambia, wakaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji. Kijeba, mtu mzima anayejiita mtoto, anawaumiza watoto hata kabla ya mashindano. Yeye ndiye anayefanywa kipimo; mtoto wa kweli wa miaka 14 anaonekana mvivu pembeni yake, anaongezewa tairi.

TAIRI: Lakini Oktoba 2020 Tanzania Prisons walimfunga Simba 1–0 hapahapa uwanja wa Nelson Mandela. Si mabavu yale?

MAKSAI: Mabavu ya watu wazima. Mfupa wa mtoto anayerefuka bado uko laini kwenye maungio.

GUNIA: Samahanini wakubwa, nami niseme. Jana watoto hao wameninyanyua mabegani, leo napelekwa ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Rukwa tunalisha mikoa mingine, halafu utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ukakuta karibu nusu ya watoto wa hapa wenye chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi nzima ni 30 kwa kila 100. Wanaoninyanyua mchana ndio hao waliokua kwa ugali mtupu.

TAIRI: Kocha ameagiza unga wa kujenga misuli, kopo moja la timu nzima.

GUNIA: Maharage yamejaa sokoni! Dagaa na migebuka wanapanda kila siku kutoka Kasanga! Bei ya kopo ingewapikia wiki nzima.

MAKSAI: Na kuna mazoezi ya bure. FIFA 11+ ni dakika 20 kabla ya mpira: kukimbia, kujenga nguvu, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja. Norwei walijaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Hakuna aliyevuta tairi.

TAIRI: Mimi nitakula wapi?

MAKSAI: Kapandwe maua mbele ya ofisi. Ninaowalaumu ni wenye filimbi, wanaoita mateso mazoezi na kujigamba kwa matapishi ya watoto wa wenzao. Enyi makocha, wapimeni watoto urefu kila baada ya miezi mitatu. Anayerefuka kwa kasi, mpunguzieni miruko. Akilalamika chini ya goti, mpelekeni hospitali ya mkoa, msimwite mvivu. Na kuanzia kesho, mtoto ambaye hajanywa uji asifungwe kamba kiunoni.