Usiku wa Kuamkia Bangkok

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu, lakini niliipanga kwa miezi minne. Nilinunua daftari kabisa. Ukurasa wa kwanza nikaandika jina la jiji: sisi tunaliita Bangkok, wenyewe wanaliita Krung Thep, na hicho ni kifupisho tu, maana jina lake la sherehe lina herufi 168 likiandikwa kwa Kilatini. Nililinakili lote. Huo ndio ulikuwa ukurasa pekee usio na kosa.

Ukurasa wa hoteli, kwa mfano. Nilitafuta chumba karibu na uwanja wa ndege, nikapata kizuri kwa bei ya kutupa. Kumbe Bangkok ina viwanja viwili: Don Mueang, mkongwe, uko kaskazini, Suvarnabhumi, uliofunguliwa mwaka 2006, uko mashariki. Hoteli ilikuwa jirani na mmoja, ndege yangu inatua kwenye mwingine. Na huo wa pili usiusome kama ulivyoandikwa. Wenyeji husema Suwannaphum. Dereva wa teksi ukimtamkia herufi zote atadhani unamsomea dua.

Mke wangu, mwenye kibanda cha viatu na nguo Sinza, hakuliamini daftari. Alinipa nyuzi tano zenye mafundo, kila uzi ni urefu wa mguu wa mteja. "Baba Neema, usinunue kwa macho. Nunua kwa uzi."

Kadi ya njano niliikagua mara tatu, kwa sababu Thailand hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa sisi tunaotoka huku. Pasipoti niliikagua mara nne. Tiketi niliisoma mara moja: Ijumaa, 03:55. Yaani saa kumi kasoro dakika tano, usiku. Ijumaa usiku. Hesabu gani tena hapo?

Basi Ijumaa saa tano usiku nikajitokeza uwanjani Dar es Salaam na sanduku langu, nimeoga, nimenukia.

"Kaka, hii imeondoka leo alfajiri," binti wa kaunta akaniambia kwa upole. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimelala, najiandaa kwa safari.

Magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno manne tu, na mtu haachwi na ndege. Tiketi haziandiki hivyo. Kilichoniuma zaidi ni bibi yangu wa Pangani, ambaye hajawahi kupanda ndege. Nilipompigia kulalamika alishangaa: "Mjukuu wangu, usiku wa Ijumaa si Alhamisi jua likishazama?" Kwa kalenda hiyo ya bibi ningefika uwanjani mapema, na sambusa mkononi. Nikalipia mabadiliko ya tiketi kiasi ambacho sitakitaja hapa, kwani Mama Neema husoma. Siku tatu zikawa mbili.

Nikaapa: kuanzia sasa nafuata saa ya tiketi, ya Kiswahili basi. Simu nikaiweka kwenye saa ishirini na nne.

Jumamosi usiku, Yaowarat, mtaa wa Wachina, nikamkuta mama wa mkokoteni akikaanga mayai na kome kwenye sinia la chuma. Zege kabisa, ila chipsi zimegeuka kome. Zamu yangu ilipofika vimekwisha. Akaniinulia vidole viwili, kesho: "Song thum." Nambari nilikuwa nimezikariri kwenye daftari. Song ni mbili. Mbili, nikajiambia kitaalamu, ni 14:00.

Jumapili nikatoka kwenye foleni ya Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782, nikakimbilia mayai. Saa nane kamili mchana nilikuwa mahali pake. Palikuwa na paka amelala.

Kijana wa duka la dhahabu la jirani alinihurumia. Akanieleza kwamba Wathai katika mazungumzo huanza kuhesabu usiku jioni: saa 19:00 ni nueng thum, moja, saa 20:00 ni song thum, mbili, huendelea hadi tano, ambayo ni 23:00. Nikahesabu kwa vidole. Saa moja usiku. Saa mbili usiku. Saa tano usiku. Mama wa watu alikuwa ameniambia saa mbili usiku, kama angeniambia mama yeyote wa Tanga, nami ndiye niliyeitafsiri nikapotea.

Saa mbili usiku nilirudi. Nilikula sahani mbili.

Jumatatu nzima niliimalizia kwenye maduka ya Pratunam, nyuzi zinaning'inia mkononi. Wauzaji nadhani walinichukulia kuwa nauza hirizi. Tiketi ya kurudi iliandikwa Jumanne, 01:35. Jumatatu saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha uwanjani, na ni uwanja wenyewe hasa.

Siku hizi tiketi yoyote nikiikata naisoma kwanza kwa bibi, kwa simu. Malipo yake ni kashata.