Mjomba, Huku Spana Hazitakiwi

Toyota, Mkoa wa Aichi, Japani

Mjomba, nawasalimu wote hapo gereji, kuanzia mpiga rangi mpaka kijana wa betri, na yule mama ntilie wa mlangoni mwambie deni lake nalikumbuka. Mimi mzima. Kazi, baridi na kulala ni vilevile, sitawachosha navyo. Nimeshika kalamu kwa sababu jirani yangu anauza Corolla, na tangu aitoe nje sina usingizi.

Usicheke kwanza. Najua kwako Corolla ni gari linaloletwa limefungwa kamba. Hii ni ya mwaka 1985, nyeupe juu, nyeusi chini, milango miwili ya watu na mmoja wa nyuma wa mizigo. Taa zake za mbele zimelala ndani ya bodi. Ukiwasha swichi zinainuka zote mbili na kukutazama. Mwenyewe ni mzee mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliyelinunua jipya. Kwenye kioo amebandika karatasi: mmiliki mmoja, halijaguswa. Penye bei ameandika "uliza".

Hapo nikachangamka. Mtu asiyeandika bei namjua, nimekua naye. Ndiye yule wa Kariakoo wa "bei njoo inboksi". Nikavaa shati safi nikaenda kuuliza, ingawa mali yangu yote yenye magurudumu ni baiskeli, nayo imesajiliwa na kubandikwa stika ya namba, maana huku hata baiskeli ina karatasi zake.

Nikaikagua Corolla kama ulivyonifundisha kabla hujanifukuza gereji kwa kupoteza nati. Nikapitisha kidole chini ya milango kutafuta puti. Nikainua zulia la buti. Nikanusa kijiti cha oili, nikalala chini kutazama difu. Hakuna kitu, Mjomba. Redio ya kaseti ni ileile ya kiwandani. Kiwashio cha sigara hakijawahi kuwasha sigara. Tairi la akiba bado lina vile vinywele vya mpira ambavyo kwetu hung'oka siku ya kwanza. Kitabu cha gari kimo kwenye droo, ndani ya mfuko wake wa plastiki, pamoja na risiti za kila mara alipobadilisha oili, zimepangwa kwa tarehe. Nikatafuta neno la kumsifu, nikamwambia likipata rimu za spoti na tinti nyeusi litawaka. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaweka mkono juu ya boneti.

Nakusikia ukiguna, kwa hiyo nikueleze. Mwaka 1983 Toyota walipotoa Corolla za kizazi kile, sedani za kawaida walizigeuza zivutwe na tairi za mbele. Hizi za spoti wakaziacha zisukumwe na za nyuma: Levin, yenye taa za kukodoa, na hii Trueno, pacha yake iliyouzwa kwa jina la Sprinter, yenye taa za kusinzia. Muundo wake ni AE86, na wenyewe wanaiita hachi-roku, nane sita. Injini ni 4A-GE, cc 1,587, kemshafti mbili juu, valvu 16, na gari zima halifiki tani moja. Walizitengeneza mpaka 1987. Bei yake ilikuwa ya vijana, na vijana wakazifanyia ya ujana: usiku wanazipandisha milimani, wanazishusha kona kwa ubavu. Mmoja wa watu wa milima hiyo, Keiichi Tsuchiya, akawa dereva wa mashindano, wakampa na ufalme wa kuteleza. Kisha mwaka 1995 mchoraji Shuichi Shigeno akaanza hadithi ya katuni, Initial D, ya kijana anayepeleka tofu hotelini kila alfajiri kwa Trueno ya aina hii, na njiani anawaaibisha wenye magari ya maana. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ukimpelekea mama ntilie wetu atakuuliza samaki yuko wapi. Lakini kwa tofu hiyo nchi nzima ikaitaka Corolla.

Basi kila aliyeipata akaikata springi, akaibadilisha bomba la moshi, akaichomelea mabomba ya chuma ndani, na nyingi zikaishia kwenye kingo za barabara za mlimani. Ndiyo maana iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani inaulizwa bei kwa kunong'ona. Thamani yake yote imetokana na mafundi kutoigusa. Sentensi hiyo sikutaka kukuandikia wewe, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Nikauliza bei. Mzee hakujibu. Alinikaribisha chai ya kijani isiyo na sukari, ambayo nimeshaizoea kama mgonjwa anavyozoea dawa, akaanza kuniuliza mimi. Kwetu mwenye maswali ni mnunuzi, na muuzaji kazi yake ni kuapa. Huku muuzaji ndiye anayekusaili. Utabadilisha rimu? Bomba je? Unapenda milima? Nikamjibu kwa Kijapani changu cha kuokoteza kwamba mimi nimezaliwa Temeke, mlima tunaoujua ni tuta la barabarani, na hilo tunalipanda kwa adabu. Sijui alielewa nini, akaniongeza chai. Na mji huu wenyewe, uujue, mpaka 1959 uliitwa Koromo. Wakaubadilisha jina ufanane na kampuni ya magari. Mji mzima umebadilishwa, ila kugusa rimu za gari moja ni kosa.

Swali la mwisho lilikuwa litalala wapi. Hilo ni swali la polisi. Huku gari kama hili hulisajili kwa jina lako mpaka kituo cha polisi kikupe hati kwamba una mahali pa kuliegesha. Unachora ramani kutoka nyumbani mpaka kwenye maegesho. Umbali usizidi kilomita mbili, na si kilomita za kupindapinda barabarani, ni za kunyoosha rula juu ya ramani. Halafu unachora maegesho yenyewe: urefu kwa mita, upana kwa mita, na njia ya kuingilia ina upana gani. Kama kiwanja si chako, mwenyewe akuandikie kwamba ameridhia. Kisha mtu anaweza kutumwa kuhakikisha kwamba hicho ulichochora kipo duniani.

Hebu fikiria afande anafika kwetu na futi kamba kuuliza gari linalala wapi. Tungemwambia mchana liko mbele ya duka la Mangi, kwa sababu kivuli kipo. Jioni linasogezwa kwa kusukumwa, maana stata haitaki. Usiku linaingia uani kati ya pipa la maji na banda la kuku, na likipinda kidogo tu mlango wa choo haufunguki, mpaka mtu aamke kulisukuma. Achore hayo kwa mita! Nami kwa udadisi nikapima chumba changu cha hapa. Ningekuwa Corolla wasingenipa hati.

Kilichonimaliza kabisa ni ukaguzi. Gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili mpaka life. Muda wa gari la mzee ulikuwa unakwisha, naye hataki kuuza gari lenye hati inayokata roho, akanichukua twende. Anayetaka kulipitisha mwenyewe anaruhusiwa, na yeye hamwamini fundi. (Samahani.) Nikasimama kwenye njia ya watazamaji, yeye akaingia na gari kwenye banda refu lenye mistari sakafuni. Anayeamrisha mle ni ubao wa taa. Sogea. Simama. Tairi zinakaa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka, gari linakimbia bila kwenda popote. Mshale ukifika 40 dereva anaashiria kwa taa kuiambia mashine "sasa hivi", nayo inaona kama kipima mwendo chake kinasema kweli au kinamdanganya. Ubao: kanyaga breki. Ubao: achia. Halafu mashine inatembea kwenye reli mpaka mbele ya gari, inazikodolea taa macho kuona mwanga umeelekea wapi. Kisha mzee mwenyewe akashuka, akachukua mrija, akautia kwenye bomba la moshi la gari lake, akasimama wima kusubiri majibu. Mwisho kabisa kuna mtu shimoni anayegonga nati mojamoja kwa kinyundo na kusikiliza. Kila hatua ubao unakupa alama: duara umepita, kosa urudi tena. Taa za kusinzia zilipoinuka, wakaguzi wawili waliacha kazi zao wakaja kuangalia. Mzee akajifanya hawaoni.

Nikakumbuka ukaguzi wetu, trafiki kuzunguka gari mara moja, kulipiga teke tairi na kuuliza tunatoka wapi. Nikaiwaza Corolla yetu mle bandani. Yule wa kinyundo angekutana na bushi uliyoichonga kwenye kandambili, juu yake kipande cha sabuni ya mche kilichoziba tenki tangu safari ya Korogwe. Sidhani kama ubao wao una alama ya jambo hilo.

Wakati wa kurudi tukashika barabara ya haraka. Mshale ulipopita 100 kengele ikaanza kulia ndani ya dashibodi, ting-tong, ting-tong, mithili ya mgeni mlangoni. Magari ya enzi hizo yaliwekewa kengele hiyo kwa lazima. Mzee akapunguza mwendo, ikanyamaza. Miaka yote hii hajaukata ule waya! Wewe ungekuwa umeukata kabla hatujafika Kimara.

Na hapo ndipo alipotaja bei: zaidi ya yeni milioni 5. Yeye alilinunua kwa chini ya theluthi ya hizo. Kwa fedha hiyo unachukua Corolla mpya ya kiwandani na inabaki ya kuongezea ya mtumba. Igeuze shilingi mwenyewe. Mimi niliigeuza nikala wali mkavu usiku ule. Nilijaribu kumwomba apunguze, kwa heshima, kama watu wanavyozungumza. Mzee akashukuru, akainama. Bei ikabaki imesimama.

Halafu serikali hiyohiyo inayogonga nati inaongeza kodi ya mwaka kwa gari la petroli likishapita miaka 13. Mwenye gari la kawaida akijumlisha kodi na ukaguzi anaona bora aachane nalo. Linapanda meli, linashuka Dar likiwa "ndiyo kwanza limeingia", na bandarini nasi tunalitoza uchakavu. Maskini limelipia uzee pande zote mbili za bahari, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Na magari hayo huja na sauti yake. Siku niliyofika huku, aliyenipokea aliwasha gari na yule mama wa ndani ya dashibodi akasema maneno yake. Unamjua. Yumo kwenye nusu ya teksi za Dar, anaongea Kijapani kila ufunguo unapozungushwa, na hakuna anayejua kumzima. Machozi yakanilenga. Wenzangu wanakumbuka kwao kwa harufu ya pilau, mimi nimeikumbuka Temeke kwa sauti ya mwanamke anayedai kadi ya kulipia barabara. Miaka yote ile tulimsikiliza kwa heshima tukidhani anatutakia safari njema.

Nikupe hukumu yangu. La mzee ni zuri kupita kiasi, na nikipewa bure sitalala. Halijabeba gunia la mkaa kutoka Chalinze, halijakimbiza mjamzito hospitali usiku wa manane, kiti cha nyuma hakina alama ya mtoto hata mmoja aliyetapika. La kwetu limechubuka kila upande na kila mchubuko namjua mwenyewe. Ule wa mlango wa kushoto ni wangu, ingawa mlimsingizia mwenye bodaboda.

Wanaokuja gereji kuuliza kama mpwa wako wa Japani anaweza kuwatafutia "kagari kazuri ka bei poa", waambie watume kwanza nauli ya meli, mazungumzo yatafuata. Na taa ya nyuma uliyoniagiza nimeiona kwenye duka la vipuri vya mtumba, ila zipo za aina tatu na wewe umenitumia picha ya bampa. Tuma namba ya chesisi, Mjomba, na uiandike mwenyewe, usimwachie kijana wa betri.