Mota Hupiga Kelele, Springi Hubeba

Huku Minnesota mlango wa mbele ni wa wageni, wa mleta vifurushi na wa watoto wanaogonga kuomba peremende za Halloween. Mwenye nyumba huingilia gereji, ile ya kulaza gari. Akiwa bado barabarani anabonyeza kidude, mlango unapanda vipande vipande na kulala darini, anaingiza gari, anabonyeza tena. Theluji haimgusi hata ukosi. Ndiyo maana ndugu zetu wengi wakihamia nyumba mpya, picha ya kwanza kutumwa nyumbani si ya sebule. Ni ya mlango wa gereji, na mwenyewe amesimama mbele yake kama mkuu wa wilaya anayezindua kisima.

Mlango wa aina hiyo, wa kuinuka juu, uliundwa na Mmarekani C. G. Johnson mwaka 1921. Mwaka 1926 akaufungia mota ya umeme, na tangu siku hiyo watu wamekuwa wakimshukuru asiyehusika. Mota haiubebi mlango, inauongoza tu. Zinazoubeba ni springi, aghalabu mbili, zilizovishwa kwenye mhimili wa chuma juu ya kizingiti. Mlango ukishuka springi zinajikaza, ukipanda zinajilegeza na kuunyanyua kwa kutumia waya za chuma zilizofungwa pembeni. Zikiwa nzima, mlango wa magari mawili, ambao unaweza kuzidi kilo 70, mtoto anauinua kwa mkono mmoja. Lakini mota ina taa na ina kelele, basi sifa zote ni zake.

Springi ina umri, na umri wake hauhesabiwi kwa miaka. Ya kawaida hutengenezwa kwa ajili ya kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Mkifungua mara nne kwa siku, inawatumikia karibu miaka saba. Hesabu hiyo, hata hivyo, haikumfikiria shemeji yangu. Yeye hufungua gereji kwenda kazini, kurudi kazini, kutazama kama theluji imeacha, na kupigia simu Mwanza, kwa madai kwamba mtandao unashika vizuri zaidi mlango ukiwa wazi. Ongeza baridi ya Januari, inayokifanya chuma kuwa kikavu na chepesi kukatika, na utaona kwamba yetu ilikuwa inasubiri siku tu.

Ikachagua usiku, na ikachagua wiki ambayo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Springi ikikatika hulia kama risasi. Mama mkwe, aliyekulia Usukumani, alifanya alichofundishwa: akapiga yowe la kuamsha kijiji kizima. "Mkwe, amka! Wametuvamia!" Majirani zetu hawana sungusungu, lakini taa za nyumba tatu ziliwaka. Tuliposhuka tukakuta springi moja imekatika vipande viwili, katikati pengo la kupitisha vidole. Mama mkwe akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa kuridhika, "Kumbe hata Marekani vyuma vinakatika."

Asubuhi gari lilikuwa ndani na kazi ilikuwa nje. Shemeji akasema dawa ni kamba nyekundu inayoning'inia, ambayo huutenga mlango na mota. Ni kweli, na bahati yetu mlango ulikuwa umefungwa. Ungekuwa wazi na springi imekatika, kuivuta kamba hiyo ni kuangushiwa mzigo wote kichwani. Akavuta, akainama, akainua. Mlango ulipofika magotini sura yake ikabadilika, akaanza kumtaja Mungu. Kilichomwokoa ni kinu cha mama mkwe, alichopanda nacho ndege kutoka Mwanza huku sote tukimcheka. Tulikisimamisha chini ya mlango na hakuna aliyekicheka tena.

Shemeji hakukata tamaa. Alikuwa ametazama video, na akaja na bisibisi mbili ndefu za kukazia springi mpya. Nikampigia simu ya video mjomba wangu wa Tanga, aliyefunga springi za malori maisha yake yote, nikamwonyesha ile iliyokatika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo springi tu, inakutoa jasho?"

Nikamweleza kwamba mlango wa futi saba hutaka kuzungushwa kama robo-duara 30, kwa fimbo mbili za chuma zinazoenea barabara kwenye matundu ya kichwa cha springi, moja ikishikilia wakati nyingine inazungusha. Fimbo ikichomoka, springi inajifungua yote kwa mpigo na kuondoka na chochote kilicho karibu, vidole vikiwemo. Kisha nikageuza kamera aone zile bisibisi. Mjomba akanyamaza.

"Muiteni mwenye kazi yake," akasema. "Chuma kilichokazwa hakina udugu."

Fundi alifika saa ileile aliyosema, jambo lililotutia wasiwasi. Tumezoea fundi wa "niko njiani" ambaye bado yuko kitandani. Akabadilisha springi zote mbili, kwa kuwa zilizaliwa siku moja na ile nzima ingefuata mwenzake muda si mrefu. Bili ilipotoka, mke wangu aliizidisha kuwa shilingi, na mama mkwe akatangaza kwamba kwao hizo ni za ng'ombe na kamba yake.

Kabla ya kuondoka fundi alituachia masharti. Springi, bawaba na magurudumu vipulizwe mafuta ya silikoni au ya litiamu mara mbili au tatu kwa mwaka. Reli zifutwe tu, zisipakwe. Mama mkwe alijitolea mafuta ya alizeti, akakataliwa kwa heshima, maana hunasa vumbi. Mara kwa mara, mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu, uinue mpaka kiunoni, uachie taratibu. Ukitulia hapo, springi ni nzima. Ukishuka au ukipaa wenyewe, mpigie fundi. Na macho mawili ya usalama yaliyo karibu na sakafu, ambayo sheria ya Marekani inayataka, hayo au kinga nyingine ya aina hiyo, kwenye mota zilizotengenezwa tangu 1993, yafutwe vumbi, maana ndiyo huuzuia mlango usimshukie mtoto.

Shemeji ameteuliwa msimamizi wa mafuta, na anafungua mlango mara nyingi kuliko zamani ili kuhakikisha kazi yake. Kwa hiyo ndugu msomaji, mwenye gereji au unayeitamani: mafuta paka mwenyewe, springi mwachie fundi, na bisibisi iache ifunge skurubu.